Talakirishi

Nina miaka kumi na saba na tayari naongea kama mzee aliyestaafu. Wenzangu wa kidato cha tatu wakisema "zamani" wanamaanisha kabla ya likizo ya Aprili. Mimi nikisema zamani, namaanisha wakati kompyuta zilipangwa juu ya meza ndefu kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru, na watu wazima wakapiga foleni kuzigusa. Kuzigusa tu, halafu waende nyumbani waseme wamezigusa. Siku hizi mtoto wa darasa la pili ana simu inayojua kila kitu, na bado ana sura ya mtu aliyechoshwa na dunia. Simlaumu. Mimi pia nimechoka.

Nimechoka na fizikia, nimechoka kuamka kabla ya jogoo ili nikasinzie darasani mbele ya wengine waliokuja kusinzia. Lakini huo ni uchovu wa kawaida, ukilala unapungua. Uliokuja wiki ya likizo fupi ulikuwa wa aina nyingine.

Baba yangu ni fundi wa kompyuta. Chuo kimoja cha ufundi huku kwetu kilikuwa kinatafuta mtu wa kufundisha ukarabati, mtu wa mikono, vyeti baadaye. Mwalimu mmoja wa pale alikuja dukani Jumatatu akamwambia, "Mzee, andika barua tu. Kwa mkono wako. Niipate kabla ya Ijumaa." Baba akasema ataangalia. Baba akisema ataangalia, hiyo ni hapana iliyovaa koti.

Nilimuuliza kwa nini.

"Mimi na herufi tulikosana, mami," akasema. Huniita mami kwa sababu nilipewa jina la mamake, na siku zingine hunisalimia kwa heshima mpaka naogopa. "Wataniweka mbele ya ubao, niandike kitu, vijana waanguke chini na kicheko. Hapana. Wacha nikae na vumbi langu."

Nilikuwa najua siku baba alipokosana na herufi. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyewakosanisha, na hakuna mtu duniani aliyejua hilo isipokuwa mimi.

Ili uelewe, lazima nikurudishe kwenye maonyesho.

Yalikuwa mara moja kwa mwaka. Ng'ombe walikuwa na upande wao na matrekta upande wao, na nyuma kabisa, karibu na vyoo, palikuwa na ukumbi wa mabati wa kompyuta. Wenye meza kubwa walitoka Nairobi wakiwa na viatu vinavyong'aa. Kufikia saa nne asubuhi viatu vilikuwa vimekuwa vya huku kwetu. Vumbi la Nakuru haliulizi mtu ametoka wapi, na malori ya kutoka machimbo ya Kariandusi yakipita barabarani yanaongeza lingine jeupe, laini kama unga wa mtoto. Linaingia ndani ya kompyuta linakaa kama mgeni asiyeaga.

Hapo ndipo baba alipopata heshima. Kila asubuhi, kabla ya lango kufunguliwa, alipita meza kwa meza na kipulizio chake, anafungua mashine za watu, anazipuliza tumbo, anafunga. Wale wa Nairobi walimwita daktari. Mimi nilikuwa idara ya kibodi. Nilibandua vitufe kwa bisibisi ndogo bapa, nikavitupa kwa beseni la maji ya sabuni, nikavisugua kwa mswaki, nikavianika kwa gazeti, nikavirudisha. Nikiwa na miaka tisa ningeweza kurudisha kibodi nzima huku natafuna mahindi choma na kuangalia mbuzi wa watu. Sijawahi tena kuwa hodari wa kitu chochote kiasi hicho. Waulize walimu wangu.

Kulikuwa na kila aina ya mambo mle ndani. Kalamu za bure. Nilikuwa na kalamu nyingi kuliko mwalimu wa zamu. Kofia za bure, ambazo zilimtosha kila mtu isipokuwa mtu mwenye kichwa. Mwaka mmoja kijana fulani alikuja na mashine ya kusikiliza sauti: unaongea, yenyewe inaandika. Mama mmoja mwenye kikapu akaambiwa ataje mji wake. Akasema "Nakuru" mara nne, na mara zote nne mashine ikaandika maneno ambayo tulikubaliana ni ya Kijapani.

"Jaribu polepole, mathe," kijana akasema.

"Nimejaribu polepole. Sasa hiyo yako ijaribu kusikia."

Meza ya baba ilikuwa ndogo kuliko zote. Mashine tatu alizoziunda mwenyewe na printa moja iliyokohoa. Lakini foleni yake ilifika mlangoni, kwa sababu ya karatasi ya manila aliyoitundika juu: SEMA NENO, UENDE NALO. Unakuja, unasema neno lako au sentensi yako, baba analichapa, printa inakohoa, anakupa karatasi kwa mikono miwili kama anakupa mtoto. Alichapa kwa vidole viwili, macho kwenye kibodi, kama kuku anayedonoa. Hakuwahi kuinua uso kuangalia skrini mpaka amalize. Watu walitaka majina yao. Walitaka mistari ya Biblia. Jumamosi ya mwaka mmoja lori lilileta wafanyakazi wa mashamba ya maua kutoka Karagita, na dada mmoja mwenye mikono iliyochanwa na miiba ya waridi akasema aandikiwe: "Mama, nimeanza kazi. Usilie." Alitaka kuituma kwao magharibi. Baba aliichapa mara mbili, ili moja ikikunjika njiani awe na nyingine.

Sasa, ulimi wa baba. Sisi ni watu wa milimani, na kwa ulimi wa milimani ile L na ile R hazikai nyumba zao. Baba hula mchere. Huniambia nirete sukari. Mgeni akifika anaambiwa kalibu, na anakaribia tu, chai haijawahi kumwagika kwa sababu hiyo. Mwenyewe alikuwa anacheka: "Hawa ni mapacha. Nikiita mmoja, anaitika mwingine." Lakini kwa maandishi, baba alikuwa safi. Alikuwa anasema ulimi ni wa kuzaliwa nao, vidole ni vya kusoma. Ndiyo maana aliipenda ile meza. Pale, kwa mara moja mwaka mzima, alitoa Kiswahili ambacho hakuna mtu angekicheka, tena kimeandikwa, na wino juu.

Mwaka wa mwisho nilikuwa na miaka kumi. Wiki hiyo shuleni nilikuwa nimesoma kwa sauti "fungua mrango," darasa zima likanifungulia kicheko. Waliniita Mrango mpaka Ijumaa. Kwa hivyo Jumamosi asubuhi, nikirudisha vitufe vya kibodi ya baba, nikiwa na L mkono mmoja na R mkono mwingine, nilipata wazo. Nilidhani ni wazo la akili. Nikasema: kama baba huzibadilisha, na mimi nikizibadilisha, si zitarudi sawa? Kosa mara kosa, jibu sahihi, kama hasi mara hasi. Tulikuwa hatujafika hapo kwa hesabu lakini nilikuwa nahisi iko hapo mbele. Na kama haitakuwa sawa, basi itakuwa mzaha, na baba alikuwa anapenda mizaha yangu. Nikaiweka R pale pa L, na L pale pa R. Nikabonyeza vizuri. Nikaenda kuangalia sungura.

Kitu ambacho sikukijua, au nilikijua bila kukisikiliza, ni kwamba Jumamosi hiyo mwalimu mkuu alikuwa anarudi.

Huyu mwalimu mkuu alikuwa mama wa makamo, wa shule moja ya msingi upande wa Elmenteita. Alikuwa amekuja Alhamisi, akauliza maswali yenye meno, akaondoka. Akaja tena Ijumaa akauliza yaleyale kuona kama majibu yamebadilika. Shule yake ilikuwa inataka chumba kizima cha kompyuta, na mtu wa kuzitunza. Alikuwa amesema atarudi Jumamosi kuamua. Baba alifua ovaroli yake Ijumaa jioni, akaianika, akaipiga pasi. Ovaroli. Mama alimuuliza kama anaenda kuposa.

Nilirudi kutoka kwa sungura nikakuta ameshafika, lango ndiyo kwanza limefunguliwa, na foleni imemwachia nafasi ya kwanza.

"Haya, fundi," mwalimu mkuu akasema. "Naona hapa mtu anasema neno anaenda nalo. Mimi nafundisha Kiswahili miaka mingi. Nipe la kuweka juu ya mlango wa hicho chumba."

"Sema tu, mwalimu."

Akasimama wima kama anafanyisha imla. "Karibuni. Elimu ni taa. Tarakilishi ni mlango."

Tarakilishi ni jina la kompyuta ambalo hutumiwa na walimu wa Kiswahili na karatasi za mtihani. Hakuna mtu mwingine. Lakini baba alilijua, na niliona vile alifurahi kupewa neno gumu. Akainamisha kichwa akaanza kudonoa. Mimi nilikuwa nimesimama mahali naona skrini, na yeye anaona kibodi.

Sikusema kitu. Nataka kuandika kwamba sauti ilinikataa, lakini haikunikataa. Nilikuwa nangoja kicheko. Nilidhani kitakuwa kitamu.

Programu ile ya kuandika haikujua Kiswahili hata kidogo. Kila neno ililipigia mstari mwekundu chini, liwe sahihi, liwe kosa, kwa hivyo miaka yote tulizoea kuona karatasi nyekundu na hakuna aliyejali. Baba alipoinua uso, aliona wekundu wake wa kila siku. Akabonyeza. Printa ikakohoa. Akampa mwalimu mkuu karatasi kwa mikono miwili.

Mwalimu mkuu akavaa miwani akasoma kwa sauti, vile walimu husoma, kila herufi ikipewa haki yake.

"Kalibuni. Erimu ni taa. Talakirishi ni mrango."

Halafu mtu wa nyuma ya foleni akasema, "Talaki nini?"

"Hiyo ni mashine ya kuandika talaka, boss," mwingine akajibu. "Nichapie yangu."

Ukumbi ukacheka. Walicheka wale wa Nairobi, akacheka yule mama wa kikapu, ambaye hakukosa maonyesho hata mwaka mmoja. Hata baba alianza kucheka, nusu, kabla ya kuelewa ni nini. Akaichukua karatasi akaisoma. Akaisoma tena akiwa anasogeza midomo.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Nimejaribu miaka yote kumfanya mbaya na hawi. Alishusha sauti akasema, "Fundi, mashine zako ni nzuri. Lakini kwa watoto wangu tayari napigana na hizi herufi mbili kutoka Januari mpaka Desemba. Siwezi kuwaletea mtu wa kunirudisha nyuma." Akaikunja ile karatasi, akaiweka mezani, hakwenda nayo. Akaenda meza ya tatu kutoka yetu. Baba akamsindikiza hatua chache, anamwambia kitu ambacho sikusikia.

Hapo ndipo nilifanya kile kitu. Ule mzaha ni wa mtoto wa miaka kumi, naweza kuusamehe nikiwa na siku nzuri. Lakini baba alipogeuka kunipa mgongo, nilichukua bisibisi, nikabandua R, nikabandua L, nikavirudisha kila kimoja kwake. Sekunde tano. Nilikuambia nilikuwa hodari.

Kwa hivyo baba aliporudi, akaketi, akaangalia kibodi yake kwa muda mrefu, kibodi ilikuwa sawa. Akadonoa neno moja, polepole. Karibuni. Skrini ikaandika karibuni. Akaangalia vidole vyake kama anaviona mara ya kwanza.

"Kumbe hata hivi vina ulimi," akasema.

Alasiri hiyo aliiteremsha ile karatasi ya manila. Mwaka uliofuata hatukuchukua meza. Alienda kupuliza mashine za watu tu, na mwaka wa pili wake hakwenda. Nilienda na shule, nikakuta ukumbi umejaa magodoro na mashine za kukamua juisi, na kona moja ya kompyuta ambapo kijana alikuwa ameegemea ukuta anatazama simu. Hakukuwa na foleni. Watu wanasema simu ndiyo iliua yale maonyesho, na ni kweli. Lakini mimi nikisikia hivyo hujiangalia viatu.

Tangu hapo fomu yoyote ikiingia nyumbani, ya shule, ya kanisa, ya maji, baba huisukuma upande wangu. "Andika wewe, mami. Mimi zinanikimbia." Nimeandika kwa niaba yake mpaka saini yake naijua kuliko yangu. Na kila mara nimesema kesho nitamwambia. Miaka saba ya kesho. Kubeba kitu hivyo hakuna uchungu mkali, usidhani. Kunachosha tu, kama kubeba kiti kwenda mkutano ambao hauanzi.

Jumatano, siku mbili kabla ya ile Ijumaa ya barua, nilienda dukani baada ya chakula cha mchana. Duka letu ni nusu duka. Nusu ile nyingine ni ya mama anayeshona sare za shule. Alikuwa ametoka kununua vifungo. Baba alikuwa amefungua laptop ya mtu, anaipuliza kwa mdomo.

"Baba, ile siku ya mwalimu mkuu."

Hakuuliza siku gani. "Eeh."

"Nilikuwa nimebadilisha vitufe. L na R. Asubuhi nikisafisha. Ilikuwa mzaha."

Akaacha kupuliza.

"Sikukosea?"

"Hukukosea. Ulibonyeza penye palikuwa pameandikwa R. Ni mimi."

Akaweka bisibisi chini. Nilikuwa nimejitayarishia kofi, kelele, hata kicheko, nilikuwa na mzaha tayari wa kila kimoja. Yeye alianza kuzipanga skrubu za ile laptop, kubwa upande huu, ndogo upande ule. Nje mtu alikuwa anauza ndizi kwa kipaza sauti, anasema zimebaki chache, na zilikuwa zimebaki chache tangu asubuhi.

"Lakini nilijaribu," akasema mwishowe. "Niliporudi nilijaribu, ikaandika sawa."

"Nilikuwa nimevirudisha."

"Nikiwa wapi?"

"Ukimsindikiza."

Akatikisa kichwa polepole. "Ile ya kubadilisha, sawa. Wewe ni wewe. Lakini ukarudisha, ukaniangalia nikishangaa vidole vyangu." Hakuinua sauti. "Miaka saba, mami."

Nilisema pole. Ni neno fupi sana, sijui nani alilipima. Akaniambia niende nyumbani nimsaidie mamangu, na mama hakuwa na kazi ya kusaidiwa.

Jioni hakuongea na mimi. Alhamisi asubuhi hakuongea na mimi. Alhamisi saa kumi aliniita sebuleni, na mezani palikuwa na karatasi mbili za mistari zilizojaa mwandiko ambao nilikuwa sijauona tangu nikiwa mdogo. Mwandiko mrefu, umeinama mbele kidogo, kama mtu anayepanda kilima.

"Soma," akasema. "Usibadilishe kitu."

Nikasoma. Ilikuwa barua nzuri. Alikuwa ameandika vile kompyuta hufa kwa vumbi kabla ya kufa kwa uzee, na vile fundi mzuri huisikiliza feni kwanza kabla ya kufungua chochote. Alikuwa ameandika kwamba anaweza kumfundisha mtu yeyote mwenye subira, na mtu asiye na subira pia, kwa sababu amelea mmoja. Mpaka ukurasa wa pili nilikuwa sijaona kosa hata moja. Nikaanza kupumua.

Halafu, mstari wa nne kutoka chini: "nitatunza maabala ya chuo."

Maabala.

Kalamu ilikuwa karibu na mkono wangu. Baba alikuwa ameenda dirishani. Ni kiguu kimoja tu cha herufi. Ningekibinya hapa, nikapinda pale, na hakuna mtu angejua, barua ingeenda safi, kazi pengine angeipata, na mimi ningekuwa nimemsaidia. Nilikuwa na sekunde zangu tano.

"Baba," nikasema. "Kuna moja."

Akageuka. "Wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akavaa miwani, akainama, akasogeza midomo. Maabala. Maabara. Alijaribu zote mbili kwa sauti na zote mbili zikatoka sawa, kwa ulimi wake zilikuwa neno moja.

"Umeigusa hii?"

"Sijaigusa."

Akaniangalia sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Halafu akavuta kiti akaketi, akachukua kalamu.

"Basi hii ni yangu," akasema.

Akalikata neno kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika lingine juu yake kwa herufi kubwa kidogo. Nilimuuliza kama hataki kuinakili upya kwa karatasi safi, nikampa yangu. Akasema amechoka, na wao pia waone. Akaikunja barua mara tatu, akaitia mfuko wa ovaroli, akaenda kuipeleka mwenyewe.

Hawajajibu bado. Na mimi sijasamehewa, nadhani, maana bado ananiongelesha kama mtu anayeuliza njia. Lakini jana fomu ya maji iliingia chini ya mlango. Aliiokota, akaitazama mbele na nyuma, akaniomba kalamu tu.